Pindo la Kukulia

Vijana mnaoshona sare za shule pale Sakina, mliniomba niandike kidogo kuhusu kazi yangu kabla sijasahau. Kusahau bado sijaanza. Nakumbuka hata kiuno cha mtoto wa kwanza niliyempima, na mkibisha nileteeni huyo mtoto. Siku hizi ni mama mzima mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nitamtajia kiuno chake cha zamani, naye atanifukuza na koleo. Habari za mshahara sitaandika kwa sababu ni hadithi fupi mno. Vyeo navyo sina: niliingia fundi, nikatoka fundi. Nitaandika habari ya pindo.

Najua mtacheka. Mzee ameshona miaka yote hiyo mlimani, anastaafu, halafu anatuletea habari ya pindo la sketi! Subirini. Shule niliyoitumikia ilijengwa kwa matofali kama shule nyingine, lakini iliyoishikilia ni pindo, na pindo lilipokatwa ikaanza kufumuka. Leo getini pana kibao kingine kabisa. Ningependa angalau mtu mmoja mwenye mkasi mkononi ajue ilikuwaje.

Ilikuwa juu kabisa. Ukishapita Makumira unaacha lami, unapandisha kwenye migomba na mibuni mpaka unafika mahali ambapo hata kahawa imechoka kupanda, hapo ndipo. Ilikuwa na jina rasmi lililoandikwa ubavuni mwa basi, ila hakuna aliyelitumia. Wameru wa pale mlimani na wazazi wa mjini, wote waliiita Kwa Mwalimu. Na huyo Mwalimu alikuwa Mwalimu Elifuraha, mjane aliyeacha kazi serikalini akaanzisha bweni katika shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Watoto wa kwanza walilala sebuleni kwake. Darasa lilikuwa banda la kukaushia kahawa, na wanasema mwaka ule wa kwanza watoto walinuka kahawa hata walipoenda likizo.

Nilipanda huko juu ya gari la maziwa, mimi na cherehani yangu ya miguu tukiwa tumefungwa kamba moja. Ilikuwa masika. Tope la njia ile lilikuwa linameza gari zima na kucheua matairi. Nilipofika nilikuwa mwembamba, mfupi, na rangi ya udongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi."

"Mbona umekuja na cherehani kubwa kuliko wewe? Unaitwa nani?"

"Zakayo."

Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Basi umefika. Miti hapa ni mingi, hutakosa wa kupanda."

Mimi nilitoka kwetu Kilimanjaro nikidhani ninaijua baridi. Sikuwa naijua. Mwezi wa saba kule mlimani baridi ilikuwa inagandisha salamu hewani. Mtu anakuamkia asubuhi, shikamoo yenyewe inakufikia mchana ikishayeyuka. Nilishona nikiwa nimevaa makoti mawili na soksi mkononi.

Chumba cha ushonaji kilikuwa na mwenyewe, mama wa Kimeru aliyeitwa Mama Naomi. Alikuwa mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka bonde la pili, na macho yake yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano. Ndiyo maana nililetwa mimi. Alinipa kitambaa cha kwanza, rangi ya damu ya mzee, akaniambia nishone sketi ya binti wa darasa la tatu. Nikaishona ya mjini. Pindo nikalikunja jembamba, upana wa ukucha, nikalipiga mashine likanyooka kama reli. Nikampelekea nikisubiri sifa.

Mama Naomi aliigeuza ile sketi, akaitazama kwa ndani, akanitazama mimi.

"Zakayo, huyu mtoto amekufa lini?"

"Nani amekufa, mama?"

"Huyu uliyemshonea. Maiti ndiye hakui. Huyu binti mpaka Krismasi atakuwa amenipita kiunoni, wewe umemfungia mguu kama mfuko wa saruji."

Akachukua wembe, akaifumua kazi yangu yote mbele yangu huku akiimba pambio. Kisha akanionyesha. Ninawaonyesha na ninyi sasa.

Pindo la Kwa Mwalimu lilikuwa la vidole vinne. Halipigwi mashine hata siku moja. Linapigwa bandi kwa mkono, nyuzi ndefu, mshono hapa na mwingine kule, ili siku yake ikifika lifumuke kwa kuvuta uzi mmoja. Mama Naomi aliliita pindo la kukulia. Mtoto akirefuka, unafumua, unashusha kidole kimoja, unapiga bandi tena. Sketi moja au suruali moja inamvusha mtoto miaka minne kama kiuno hakijaasi. Na viuno huasi, hasa vya wale waliopelekewa karanga na ndugu zao. Kwa viuno tulikuwa na dawa nyingine, lakini hiyo nitawaeleza tukikutana, maana inataka vitendo.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kitambaa kikikaa mwaka mzima kwenye jua, mvua na sabuni ya mche, kinapauka. Ile sehemu iliyofichwa ndani ya pindo haipauki. Ukishusha, panabaki mstari mweupe pale palipokuwa na mkunjo, na chini yake utepe wa rangi iliyokoza kama siku kilipotoka dukani. Mwaka unaofuata mstari wa pili. Mtoto aliyekaa miaka minne Kwa Mwalimu alitembea na mistari ya miaka yake miguuni, yote ikionekana.

Shule nyingine wangeona aibu. Kule mlimani ilikuwa ndiyo fahari. Machalii walihesabiana mistari kabla ya kuulizana majina. "Una mingapi?" "Miwili." "Pisha basi, mimi nina mitatu." Mwenye mistari mitatu alitangulia kwenye foleni ya uji na hakuna aliyenung'unika. Palikuwa na binti mmoja, Lightness, mtoto wa mfanyabiashara mkubwa wa mjini. Baba yake alimnunulia sketi mpya kila shule ilipofunguliwa, kwa upendo. Yule mtoto alilia! Alikuja kwangu akapiga magoti. "Fundi, shikamoo, nichoree tu hata mmoja." Nilipokataa aliiba chaki yangu akajichorea mwenyewe mistari minne, yaani kuliko mtu yeyote pale shuleni. Mvua ilimkuta katikati ya paredi. Mistari yote minne ilitiririka mpaka kwenye soksi, na shule nzima ikaona.

Mwisho wa mwaka, kabla ya watoto kwenda nyumbani, palikuwa na siku ya kushusha mapindo. Hiyo siku ilikuwa kubwa kuliko mahafali. Watoto walipanga foleni kutoka chumba chetu mpaka kwenye matanki ya maji. Mama Naomi alishika wembe, mimi pasi ya mkaa, na Mwalimu Elifuraha alisimama mlangoni. Mtoto haingii mpaka ajibu swali. Swali lilikuwa moja, mwaka nenda mwaka rudi.

"Umekua wapi?"

Kusema miguu hakukuruhusiwa, maana miguu tunaiona. Ilibidi mtoto afikirie. Mmoja alisema, "Nimekua kwenye kugawanya kwa desimali." Mwingine, "Nimekua kwenye kulia, Mwalimu. Siku hizi nalia usiku wa kwanza tu." Palikuwa na chalii mmoja mnene, akasema kwa sauti ya askofu, "Mwalimu, mimi kwa kweli nimekua tumbo." Mwalimu alicheka mpaka akampisha. Na akishaingia, mtoto anavuta uzi mwenyewe. Sisi tulianza kwa wembe, tukamwachia ule uzi mrefu wa bandi auvute kwa mkono wake. Pindo linaanguka, paf, na walioko nje wanapiga makofi. Wazazi wengine walipanda mlima na tope lile kuja kutazama hilo tu.

Na sisi wafanyakazi hatukuachwa. Jioni, watoto wakishaingia kwenye masomo yao ya kujisomea, Mwalimu alitufundisha sisi kwenye bwalo: wapishi, walinzi, mchunga ng'ombe na mimi. Mimi ni msomi wa hapo. Kidato cha nne nilikipata kwa mtihani wa watahiniwa wa kujitegemea, na siku matokeo yalipotoka nilipiga kelele hadi nyani wa msituni wakahama. Mwalimu alinisimamisha mlangoni kwangu mwenyewe, mbele ya watoto. "Fundi Zakayo, umekua wapi?" Nikasema nimekua kwenye Kiingereza. Akaniambia, "Sema kitu kwa Kiingereza." Nikasema "Zenk yu", watoto wakashangilia, nikavuta uzi wa suruali yangu. Kwa kuwa nilikuwa mtu mzima nisiyerefuka, suruali iliburuza chini wiki nzima. Sikuikunja.

Sasa nifike kwenye kesi ngumu.

Mwalimu Elifuraha alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, Godlisten. Alisoma hapo hapo, akalala bwenini na wenzake, na shuleni alimwita mama yake Mwalimu kama sisi wote. Mwalimu hakutaka mtu aseme kuna upendeleo. Mimi ndiye niliyemshonea suruali yake ya kwanza, pindo vidole vinne.

Godlisten hakurefuka. Sijui niseme nini zaidi. Alikula, alicheza, alikuwa na akili kama moto, ila mguu ulikataa. Mwisho wa mwaka wa kwanza wenzake wakapanga foleni, yeye nikampima, suruali ilikuwa bado inamfunika kisigino. Sasa utaratibu wetu ulikuwa hivi: pindo linashushwa pale tu suruali inapokuwa imepanda. Hatushushi kwa kupendezesha. Basi alifika mlangoni.

"Umekua wapi, Godlisten?"

"Kwenye hesabu, Mwalimu."

"Vizuri. Suruali imepanda?"

"Haijapanda."

"Basi mwakani."

Akapita pembeni. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo. Wenzake walioanza naye walikuwa na mistari miwili, na waliokuja nyuma yake walikuwa na mmoja. Wakaanza kumwita Pindo. "Pindo, amka, kumekucha!" "Pindo, nenda kasimame kwenye mvua na wewe uote!" Watoto ni watu wabaya sana kwa muda mfupi, halafu husahau. Ila anayeambiwa hasahau.

Mwaka wa tatu, siku moja kabla ya siku yenyewe, Mama Naomi aliniambia twende kwa Mwalimu. Tulimkuta anasahihisha madaftari barazani. Mama Naomi hakuwa mtu wa kuzunguka.

"Mwalimu, huyu mtoto tumshushie kidole kimoja tu. Suruali ikiburuza, iburuze. Hata Zakayo aliburuza."

"Zakayo alifaulu mtihani," alisema Mwalimu.

Na mimi nikajaribu. "Mwalimu, ni uzi tu."

Alivua miwani. "Nikimdanganya mwanangu kwenye mguu, kesho nitamdanganya kwenye hesabu. Na watoto wa watu watasema kwa mtoto wa Mwalimu sheria inalegea. Hapana."

Tulipokuwa tunashuka ngazi Mama Naomi alinong'ona, kwa ile sauti yake ambayo hata kunong'ona kulisikika Usa River, "Mguu siyo hesabu." Nadhani Mwalimu alisikia. Hakugeuka.

Kesho yake Godlisten alifika mlangoni. Alikuwa amefua suruali, ameipiga pasi mwenyewe kwa kuilalia chini ya godoro.

"Umekua wapi?"

Yule mtoto alimtazama mama yake moja kwa moja. "Sijakua, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alifungua mdomo, na mimi niliyekuwa nimeshika pasi niliona kabisa kuna neno linakuja. Halikuja. Alisogea kidogo akampisha apite, na aliyefuata akaingia. Muhula uliofuata Godlisten aliomba kuhamia shule nyingine, akahamishwa. Ile suruali ilibaki na pindo lake lote.

Bila shaka mnajua kilichotokea. Alipofika sekondari alirefuka kama mgomba kwenye shimo la samadi. Aliporudi likizo ilibidi ainame mlangoni kwetu. Alisoma, akaenda Dar es Salaam, akafanya kazi za ofisi zenye kiyoyozi. Mama Naomi alishafariki wakati huo, na tulimzika na sindano yake kifuani, kwenye kitambaa cha damu ya mzee, kwa ombi lake. Chumba kikawa changu. Watoto walikuwa wengi kiasi kwamba mwisho wa mwaka vidole vyangu vilivimba kama ndizi mshale.

Kisha Mwalimu akazeeka. Magoti yalikataa ngazi. Akamwita Godlisten arudi ashike shule, akarudi.

Niseme ukweli, hakuwa mtu mbaya. Aliingiza maji ya moto mabwenini. Aliweka mawe kwenye ile njia, na gari la maziwa likaacha kumezwa. Mimi alinisalimia kwa heshima kila siku: shikamoo fundi, marahaba baba. Jina lake maana yake Mungu asikie, nasi tuliomba sana Mungu aendelee kusikia, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na haraka.

Kikao cha kwanza cha wafanyakazi alikuja na sketi moja mkononi, ya binti wa mistari mitatu. Mwalimu Elifuraha alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake.

"Jamani, hii ni sare ya shule ya kulipia au ni mtumba? Mzazi anatoka Moshono na gari lake zuri, anakuta watoto wamevaa nguo zilizopauka, zenye alama kama kamba za kufungia ng'ombe. Atatuona watu gani?"

Mwalimu wa taaluma alisema taratibu, "Hiyo mistari watoto wanaipenda, Mkurugenzi."

"Wanaipenda wenye nayo," alisema Godlisten.

Chumba kizima kilimgeukia Mwalimu Elifuraha. Shule ilikuwa bado yake kwa karatasi na kwa kila kitu. Neno moja lingetosha. Alikuwa anakitazama kile kipande cha kitambaa mkononi mwa mwanawe, na mimi niliyekaa karibu naye niliona vidole vyake vinavuta uzi ambao haupo. Hakusema kitu.

Zikaja sare za kiwandani, kutoka Nairobi, zimefungwa kwenye nailoni. Ndogo, ya kati, kubwa. Pindo lake upana wa ukucha, limepigwa mashine. Nilipoigeuza ya kwanza nikasikia sauti kabisa: Zakayo, huyu mtoto amekufa lini? Siku ya kushusha mapindo ikageuzwa kuwa siku ya zawadi, yenye spika kubwa na keki. Nilibaki kubadilisha vifungo na kushona mashuka. Mtoto akirefuka, mzazi ananunua nyingine, na ile ya zamani anavaa shamba-boi wa nyumbani kwao.

Sitawaambia shule ilianguka kwa sababu ya sketi. Mimi ni mtia chumvi, lakini chumvi yangu ina kipimo. Barabara za lami ziliongezeka, shule zikaota huko chini kama uyoga, Usa River, Moshono, kila mahali, nyingine zina bwawa la kuogelea lenye maji ya buluu kuliko mbingu. Ila jiulizeni: mzazi apandishe mlima wote ule, kwenye baridi ya kugandisha salamu, apate nini ambacho hakipo karibu na kwake? Zamani alipata jibu pale mlangoni. Mtoto wake alisimama akasema amekua wapi, na baba mtu mzima akatoa leso. Sasa akipanda alikuta keki. Keki zipo hata mjini.

Lightness, yule wa chaki, alikuja kuandikisha binti yake. Alikuwa amevaa viatu virefu, anapita kwenye majani kama korongo. Alikuja moja kwa moja chumbani kwangu. "Fundi, shikamoo. Mwanangu lini anaanza mstari wake?" Nikamwonyesha ile nailoni. Aliigeuza sketi ndani nje, kama Mama Naomi alivyofanya. Akakaa kwenye kiti cha kupimia, mama mzima, akasema, "Lo. Mimi nimempa mwanangu hadithi yote." Aliondoka na mtoto wake. Nasikia alimpeleka kwenye bwawa la kuogelea.

Mabweni yalifungwa moja baada ya jingine. Mwisho Godlisten aliwaandikia wazazi kwamba shule inasimama kwa muda, na huo muda ndio huu tulio nao. Sasa panatengenezwa nyumba ya wageni, kwa ajili ya watu wanaokuja kupanda mlima na wanaotaka kuutazama tu huku wamekaa. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa mapazia ya vyumba hivyo. Nilishona pindo la upana wa ukucha, nikalipiga mashine. Mapazia hayakui.

Nilipomaliza pazia la mwisho Mwalimu Elifuraha aliniita nyumbani kwake, pale pale juu ya mabweni. Ilikuwa asubuhi ya jua, mlima umejifunua wote. Uzee ulikuwa umempunguza. Yule mama aliyejaza mlango sasa gauni lake liliburuza chini, na mjukuu wa jirani anayemsaidia alikuwa anahofia atajikwaa.

"Zakayo, nipandishie hili gauni. Lakini kwanza kuna kazi nyingine."

Alinyoosha mkono kwenye kiti. Palikuwa na suruali ya mtoto, ya damu ya mzee, imekunjwa vizuri. Niliigeuza nikaona bandi yangu mwenyewe, ya ujana, nyuzi ndefu zimepauka, pindo vidole vinne. Halikuwahi kuguswa.

"Lishushe."

"Mwalimu, nani ataivaa?"

"Lishushe, fundi."

Nilikata fundo kwa wembe. Sikuuvuta ule uzi. Nikampa yeye ncha. Akavuta taratibu, pindo likaanguka juu ya magoti yake, na ile rangi iliyokuwa ndani ilikuwa mbichi kabisa. Mafundi wa vigae walikuwa wanagonga huko chini. Akamwagiza yule mjukuu wa jirani, "Niitie Godlisten."

Alikuja anajifuta vumbi la saruji, simu mkononi, akainama mlangoni kwa mazoea. "Mama, uko salama?" Kisha akaiona suruali. Akaitambua mara moja. Uso wake ulibadilika, ukawa wa yule mtoto, kisha ukarudi.

Mwalimu aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshika mtu nguo ya kumvalisha mtoto. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini swali lilikuwa lile lile.

"Godlisten. Umekua wapi?"

Niliinamisha kichwa kwenye sanduku langu la pini, nikatafuta pini ambayo sikuihitaji. Yule bwana aliichukua suruali, akaiweka kwenye paja lake, ikamfika gotini. Akacheka kidogo, kicheko kisicho na sauti.

"Nilikuwa mdogo kweli," alisema. Akaikunja vizuri, akairudisha juu ya kiti. "Mama, mafundi wananisubiri. Nitakuja mchana tule pamoja."

Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi, vikisimama kidogo katikati, kisha vikaendelea.

Nilipiga magoti nikaanza kumpima gauni. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, maana hiyo ndiyo kazi yangu ya pili. Kilichonitoka kilikuwa swali lile lile.

"Na wewe Mwalimu, umekua wapi?"

Alinyoosha mkono akaigusa ile suruali kitini.

"Kwenye kunyamaza, Zakayo. Siku ile mlangoni nilinyamaza kwa ajili ya shule. Siku ile ya kikao nikanyamaza kwa ajili yake. Hapo ndipo nilipokua, na hapo ndipo nilipopaswa kubaki mdogo."

Niliendelea kuweka pini. Gauni lilihitaji kupanda vidole viwili. Nilivikunjia ndani pamoja na viwili vya pindo la zamani, vikawa vinne, kitambaa chote. Sikukata. Kisha nikatoa sindano ya mkono, nikapiga bandi, mshono hapa na mwingine kule, nyuzi ndefu. Aliinama akatazama kwa macho ya mwalimu.

"Mbona bandi? Piga mashine, lisije likafumuka."

"Mashine ni ya wasiokua, Mwalimu," nikamwambia, nikauacha uzi wa mwisho mrefu, upande wa mkono wake wa kulia, ambapo anaweza kuufikia.